Dirisha la Muthokoi

Maishani nimejengesha ukuta mmoja tu, na kabla rangi yake haijafifia nilikuwa nimeshaomba ubomolewe. Haukuwa ukuta mkubwa. Ulianzia kiunoni ukaishia juu kidogo ya kichwa, na mtu akinyoosha mikono aliweza kugusa mwanzo na mwisho wake. Hapo kabla palikuwa na dirisha. Nyuma ya dirisha alikuwapo mama mmoja wa kutoka Kitui na sufuria yake ya muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa mpaka maganda yatoke, kisha yakachemshwa na maharagwe kwa subira ambayo watu wa mjini hatuna. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameilisha barabara nzima kupitia dirisha hilo. Mimi nilikuwa mwenye nyumba kwa miezi minne.

Ili nieleweke lazima nianze na ndoto yangu, ingawa najua ndoto za watu wa makamo huchosha kusikiliza. Nilizaliwa Silanga, ule upande wa Kibera unaoteremka kuelekea bwawani. Wazazi wangu walitoka kanda ya Ziwa wakiwa na nia ya kukaa mjini miaka miwili. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja, na chumba hicho hicho kilikuwa duka la makaa. Mama aliketi mlangoni na mikebe yake ya kupimia, magunia yakapangwa nyuma yake, na nyuma ya magunia ndipo tulipoishi sisi. Nilijifunza kusoma nikiwa nimeegemea gunia. Vitabu vyangu vya darasa la tatu ungeviacha juani siku nzima na bado vingekupaka weusi vidoleni.

Basi nilipomaliza chuo kikuu, nikafundisha, nikaandika andika, nikaweka akiba katika chama cha walimu, nikajikuta nina wazo moja tu kichwani: nyumba ya familia moja. Nilikuwa nimesoma kwamba wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wanatafuta nyumba iliyochoka, wanainunua, wanaikarabati, wanaipangisha kwa familia moja yenye adabu, kisha wanatafuta nyingine. Nilijiona nafaa. Hilo ni kosa la kawaida la sisi tuliosoma: tukishasoma jambo tunadhani tumeshalifanya.

Nilimweleza mama mpango wangu. Bado anaishi Silanga, bado anauza makaa, na amekataa kuhamia popote nilipowahi kumtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimpimia mteja.

“Nyumba nzima familia moja?” akauliza. “Hao watu wana ugomvi gani na wenzao?”

Nilianzia kutafuta hapo hapo Kibera, kwa sababu ndipo nilipokuwa na watu wa kuniuzia. Jirani yetu mmoja alinionyesha vyumba viwili vya udongo, akasema vikitobolewa katikati vitakuwa nyumba. Nikamwuliza habari za ardhi. Akanitazama kwa huruma. Alichokuwa akiuza, akaeleza polepole kama anayemweleza mgeni, ni kuta na mabati. Ardhi haikuwa yake, wala ya yule aliyemuuzia yeye. Na nikitaka kubadilisha hata bati moja, kuna watu wa kuombwa ruhusa, na kila mmoja ana kiu. Mama aliyasikia yote haya kutoka mlangoni. Akasema mwanawe amesoma miaka ishirini na anataka kununua kivuli cha nyumba.

Nikavuka kwenda Kawangware, ambako ardhi ina wenyewe na wenyewe wana karatasi. Huko nilipata broka. Siku ya Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, na hata siku za wiki alizungumza kama anayeongoza sauti ya tatu. Alitembea na faili kubwa la plastiki ambalo sikuwahi kuona likitolewa karatasi yoyote. Nilimwambia nataka nyumba ya familia moja. Akasema hiyo ni rahisi mno, nije kesho.

Kesho yake alinipeleka kwenye mstari wa vyumba vya mabati, milango sita ikitazamana na milango sita, na bomba moja katikati.

“Nilikuambia familia moja,” nikasema.

“Ndiyo, mkubwa. Kila mlango familia moja. Hapa unazo kumi na mbili.”

Nyumba ya pili ilikuwa ya mawe na yenye vyumba vinne, na moyo wangu uliruka. Tulikaribishwa ndani, tukapewa chai na viazi vitamu, tukaulizwa habari za kazi. Tulipofika kikombe cha pili ndipo mwenye nyumba alipotaka kujua ni nyumba ya nani hiyo tuliyoambiwa inauzwa. Broka akafungua faili, akalitazama, akalifunga. Tulimaliza chai, kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi juu ya tusi, tukaaga. Mpaka leo yule mzee hunisalimia barabarani na kuniuliza kama nimeshapata.

Tuliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Watu wa Kawangware walinicheka kwa upole, kila mmoja kwa namna yake. Waliniambia penye nyumba ya familia moja panatosha vyumba ishirini vya mabati, na penye vyumba ishirini panatosha ghorofa. Kwao mtu anayenunua nafasi ili aiache ilivyo alikuwa kama mtu anayenunua ng'ombe ili amtazame. Mimi nilijibu kwa hotuba kuhusu sebule. Nilikuwa na maoni mengi kuhusu sebule siku hizo. Nilisema mtoto anahitaji mlango wa kufunga na meza ya kusomea, na nyumba inapaswa kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa nje anayeingiza mkono. Broka aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kama anayepiga hesabu za beti.

Nyumba yenyewe hatukuitafuta. Tuliila. Ilikuwa jioni, tuko barabara inayopita kando ya mtaa wa Kongo kuelekea Riruta, wakati watu wa vibarua wanaporudi kutoka kwenye mijengo ya Lavington na Kilimani wakitembea wengi wengi upande mmoja wa barabara. Broka akasema njaa haina kwaya, akasimama kwenye foleni mbele ya dirisha. Nikasimama nyuma yake. Mkono ukatoka na sahani ya plastiki, muthokoi ukifuka mvuke, kipande cha parachichi juu. Nikala nimesimama, nimeegemea ukuta. Ulikuwa mtamu. Nilipoinua macho kumaliza mchuzi ndipo nilipoona kwamba ukuta nilioegemea ulikuwa wa mawe ya kuchonga, wa zamani, ulionyooka. Kwamba juu yake kulikuwa na paa la mabati lenye kutu lakini lenye mteremko mzuri. Na kwamba kwenye kona kulikuwa na lango na ua wa miiba. Nyumba ya vyumba vitatu, peke yake, katikati ya ghorofa.

Nilimwuliza mama wa dirishani kama nyumba inauzwa. Akanijibu kwamba kinachouzwa hapo ni muthokoi, na kama nimeshiba nipishe wengine.

Inauzwa, ilikuja kujulikana baadaye. Mwenyewe alikuwa mzee aliyehamia kwa binti yake Riruta, na kuuza kwake kulihitaji watoto wote wakae pamoja wakubali. Walikaa saba, kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akaniuliza swali moja. Watano waliuliza nitajenga ghorofa ngapi. Nikawaambia sijengi, naikarabati, iwe ya familia moja. Wakatazamana. Nadhani walipata wasiwasi kwamba pengine sina pesa. Mzee mwenyewe hakuuliza. Tulipokuwa tunasimama alinishika mkono.

“Nakuuzia nyumba,” akasema. “Yule mama wa dirisha simuuzi. Lakini usimwondoe. Ana mtoto anasomea uuguzi, na anamsomesha kwa hiyo sufuria.”

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, nikiwa nimeweka mkono kifuani kama mtu anayepigwa picha. Kwani nilikuwa na haja gani ya kumwondoa? Yeye ndiye angekuwa ile familia yangu moja. Alikuwa amepanga vyumba vyote vitatu, mama mjane na binti yake anayekuja wakati wa likizo, na vitabu vyake. Kama ningeandika tangazo la kutafuta mpangaji ningemwandika yeye.

Alinipokea vizuri. Kodi ilikuwa ile ile. Akaniita mwalimu, nami nikamwita mama, ingawa hatukupishana sana kwa umri. Nilipomwuliza nyumba inahitaji nini alitaja jambo moja: paa linavuja juu ya gunia la mahindi. Nikaandika kwenye daftari. Kisha, kwa kuwa kurasa zilizobaki zilikuwa tupu na zinapendeza, nikaandika mengine ishirini na tatu ambayo hakuyataja.

Desemba alifunga sufuria akaenda kwao Kitui, kama afanyavyo kila mwaka, kula Krismasi na kumsaidia mamake shambani mpaka pojo zivunwe. Aliniachia ufunguo ili paa lishughulikiwe. Nikaona huo ndio wakati. Nilimtafuta fundi, mtu wa kanda ya Ziwa kama mimi, aliyeishi Kongo hatua chache kutoka hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mdomo wa kutafuna kijiti. Aliniita prof. Nilimwambia mara mbili kwamba mimi si profesa, naye akasema sawa, prof.

Tulibadilisha mabati. Tukaweka mifereji ya maji ya mvua. Tukasakafia sebule, tukapaka lango rangi ya kijani. Siku ya nane nikamwonyesha mchoro wangu. Katika mchoro, upande wa barabara ulikuwa ukuta mtupu.

Akautazama kwa muda mrefu. “Na dirisha?”

Nikamweleza. Sebule haiwezi kuwa sebule ikiwa barabara nzima inachungulia ndani. Kuna vumbi. Kuna usalama. Kuna heshima ya nyumba. Lango lipo kwenye kona, biashara ikitaka kuendelea itaendelea langoni.

“Mwenyewe anajua?”

“Hajui. Ni zawadi.”

“Zawadi,” akasema fundi, kama mtu anayeonja chumvi. Akatoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Kisha akaanza kung'oa fremu. Aliing'oa taratibu sana, bila kuvunja hata msumari, akaibeba begani jioni pamoja na kifuniko chake cha mbao. Nikadhani anaenda kuichoma kuni. Sikuuliza.

Ukuta ulipokauka nikaupaka rangi ya maziwa. Nikaweka meza ya kusomea chini yake, na taa. Nilikaa hapo mwenyewe dakika chache nikijaribu kiti. Kulikuwa kimya. Kisha nikasikia kitu kikigonga: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Nikatoka nje nikamkuta mwanamume mwenye makoti mawili na chepe, akigonga ukuta wangu mpya kwa kidole.

“Buda,” akaniambia, “muthokoi imehama?”

Nikamwambia mama yuko Kitui. Akasema hilo analijua, kila Desemba huenda Kitui, lakini dirisha halijawahi kwenda naye. Katika majuma matatu yaliyofuata ukuta uligongwa na watu wengi hivi kwamba rangi ya maziwa ikapata alama ya kijivu kwenye kimo cha vifua vya watu.

Alirudi katikati ya Januari na gunia la pojo na begi. Nilikuwa nimefika mapema nimsubiri, nimevaa shati safi. Aliingia kwa lango la kijani, akapita sebuleni, akasimama mbele ya ukuta. Akaweka gunia chini. Alitazama meza, taa, sakafu inayong'aa. Kisha akautazama tena ukuta, na akapitisha kiganja juu yake mara moja, kama unavyopima joto la mtoto.

“Imependeza, mwalimu,” akasema. “Imekuwa kama za watu wakubwa.”

Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilimwonyesha mifereji.

Kuanzia kesho yake akauza langoni. Lango, kama nilivyosema, liko kwenye kona, ndani ya kichochoro, na mbele yake kuna mtaro. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu aliyebeba mawe kutwa nzima hawezi kukata kona. Anatembea na wenzake, anafuata mgongo ulio mbele yake. Ukimwekea chakula pembeni mwa njia atanyoosha mkono, ukikiweka hatua thelathini nje ya njia atakifikiria mpaka afike kwake. Sufuria ilianza kurudi ndani ikiwa nusu. Mara mbili alinipakulia mimi, na alipakua mwingi.

Mwisho wa mwezi akanipa barua. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri wa binti yake, na ilisema atahama baada ya mwezi mmoja kama taratibu zinavyotaka. Chini kulikuwa na mstari wa sababu. Niliusoma nimesimama pale kichochoroni: *Nyumba imekuwa nzuri kunishinda.*

Nikamwambia kodi sitapandisha. Akasema anajua. Nikamwambia anaweza kukaa vivyo hivyo. Akasema amepata chumba Kongo, ni kidogo na kinavuja, lakini kina dirisha. Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningekuwa na la kujibu.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa papo hapo. Nilimpigia broka simu. Nilijiambia kwamba yeye ameamua, ahadi yangu kwa mzee haijavunjika, na nyumba nzuri haikosi mtu. Broka aliniletea watu watatu wa kuiangalia. Wa kwanza alipenda sakafu, akauliza duka litakuwa wapi. Wa pili alikuwa kinyozi. Wa tatu walikuwa mume na mke waliovaa vizuri, watu wa ofisi kabisa, nikaona hawa sasa ndio familia yenyewe. Yule mke alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaugonga kwa pete.

“Hapa palikuwa na dirisha. Nani aliziba?”

“Mwenye nyumba wa zamani,” nikasema.

Jikoni, mama wa muthokoi akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja tu, cha adabu, lakini nilikisikia mpaka nilipofika nyumbani.

Jumamosi nikaenda Silanga. Mama alikuwa pale pale mlangoni, kwenye kigoda chake. Nilikaa juu ya gunia nikamweleza yote, na njiani nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa hiyo yalitoka kama kisa cha mpangaji asiyejua kushukuru. Aliendelea kupanga mikebe. Wateja walikuja, akawapimia, wakaenda. Nilipomaliza nilidhani anaunga mkono.

“Ulipokuwa mdogo,” akasema, “watoto wa shule yenu wakija kununua makaa ulikuwa unajificha nyuma ya magunia.”

Sikujua kwamba alijua.

“Nilikuwa nakuona, baba. Miguu ilikuwa inatokeza. Nikasema ni mtoto, ataacha.” Akapiga mkebe mmoja kwa mwingine kutoa vumbi. “Sasa umekuwa mkubwa, umeona kujificha mwenyewe hakutoshi. Umeenda kumficha na mama wa mwenzako.”

Akaniomba nisogee kutoka kwenye gunia, mteja anataka la chini.

Nilifika Kongo jioni hiyo hiyo. Fundi alikuwa nje ya chumba chake akinoa mwiko. Nilimweleza kwamba nataka ukuta ubomolewe, na kwamba najua ni kazi, kwamba simiti imeshashika, na kwamba mama anahama Ijumaa, kwa hiyo tuna siku tano. Akaniacha niseme yote. Kisha akaingia ndani, nikasikia kitanda kikivutwa. Akatoka na fremu. Alikuwa ameisafisha. Kifuniko cha mbao kilikuwa nyuma yake, na misumari yote kwenye mkebe wa maziwa ya unga.

“Prof,” akasema, “simiti niliweka ya kuonja tu. Ile ingine yote ni mchanga.”

“Ulijuaje?”

“Mimi hula pale.”

Tulianza Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimekuja na nyundo, nikitaka kupiga pigo la kwanza, kwa sababu katika akili yangu jambo hili lilistahili pigo la kwanza. Fundi akaniomba nishike ndoo. Alisukuma jiwe la juu kwa kiganja, likatoka. Akasukuma la pili. Barabarani watu watatu walisimama kutazama, na mmoja wao, yule wa makoti mawili, akasema nyumba inazaa.

Mama wa muthokoi alitoka jikoni aliposikia. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa, magodoro yamekunjwa. Alisimama na mikono nyuma, akatazama mwanga ukiingia kipande kwa kipande juu ya meza ya kusomea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu kiasi, yenye sehemu tatu. Nilipofungua mdomo akanipita akaenda kwa fundi.

“Rafu iko wapi? Ile ya chini?”

Fundi akamwonyesha ubao wa kuwekea sahani, uliokuwa umelala chini ya fremu. Yule mama akaushika, akaupima kwenye mwili wake. Akasema kama unarudi, ushuke vidole vinne. Miaka kumi na minne ulikuwa juu kidogo kuliko anavyotaka, ndiyo maana bega linamuuma. Na kifuniko, badala ya kufunguka upande, kifunguke kwenda juu, kishikiliwe kwa fimbo, watu wapate kivuli na mvua isiingie kwenye sahani. Alisema yote haya kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza unga dukani.

“Kwa nini hukuwahi kumwambia mzee?” nikauliza.

“Hakuuliza, mwalimu.”

Na mimi, mwenye daftari la mambo ishirini na tatu, pia sikuwa nimeuliza hilo. Nilikuwa nimeuliza nyumba inahitaji nini. Fundi akachukua penseli sikioni, akapiga mstari vidole vinne chini ya ule wa zamani.

Sikujua kama atakaa. Hakusema. Nilimrudishia ile barua ya notisi, nikamwambia aamue mwenyewe aifanyie nini, naye akaitia mfukoni mwa aproni bila kuitazama. Ijumaa ilifika. Nilijipa sababu za kutokwenda, nikaenda. Mizigo ilikuwa bado imefungwa sebuleni, lakini sufuria ilikuwa motoni. Meza yangu ya kusomea ilikuwa imesogezwa mpaka dirishani na kugeuzwa meza ya kupakulia, na taa imeelekezwa kwenye sahani. Nilipoinama kuokota kifuniko cha chupa niliona mguu mmoja wa meza, ule uliokuwa mfupi, umewekewa karatasi iliyokunjwa mara nne ili usiyumbe. Ilikuwa karatasi ya daftari. Niliweza kusoma neno moja, *kunishinda*. Nikaiacha hapo. Meza ilikuwa imetulia.

Juma lililofuata mama yangu alikuja Kawangware. Hakuwa amewahi kuja. Alikuwa akisema haendi kuangalia nyumba isiyo na watu. Nilimsubiri langoni, lango langu la kijani, nimelipangusa. Alitokea barabarani katikati ya watu wa vibarua, amejifunga leso, akatembea nao, na alipofika kwenye kona hakukata.

“Mama, mlango uko huku,” nikaita.

“Sikuja kwa mlango.”

Akaingia kwenye foleni chini ya kile kivuli kipya. Nilizunguka nikaingia ndani kwa haraka, nipite sebuleni, nimtambulishe kwa heshima. Kufika nyuma ya dirisha nikakuta wameshaanza bila mimi. Mama alikuwa anasema kwamba kipimo hiki ni kidogo, yeye ni mfanyabiashara, anajua mkebe uliobanwa chini ili upime kidogo. Mama wa muthokoi alikuwa anamjibu kwamba mkebe ni ule ule, labda macho ndiyo yamekua. Mama akasema aongeze juu. Akaongezewa. Akaonja papo hapo, amesimama, akatikisa kichwa kwa namna ambayo nilizoea kuiona akichagua makaa mazuri.

Kisha akainua macho akaniona, nimesimama nyuma kati ya magunia mawili ya mahindi.

“Na huyo umemficha huko nyuma ni nani?”

Mama wa muthokoi hakugeuka. Alikuwa anapakua sahani ya anayefuata.

“Huyo? Mwenye nyumba,” akasema. “Namwambia kila siku anazuia mwanga.”

Nikasogea.